Chupa Sita za Achali

Kalemie, 3 Novemba 2024

Papa Nicolas,

Barua hii utaipata mkononi mwa jirani yangu Mama Éliézer, pale yanapopakia malori. Ukishaisoma, ichane. Simu yangu imekufa, maji ya mvua yameingia mpaka tumboni mwake.

Tangu Falone, mke wa marehemu mwanangu Jean-Marie, arudi kwao Nyunzu, wewe ndiye unayetubebea barua na vifurushi, na sijawahi kusikia umefungua hata kimoja. Kwa hiyo nakuomba jambo. Juzi, siku ya Watakatifu Wote, mchana, upepo ulitoka ziwani ukapanda mlima wetu huu. Haukukaa hata nusu saa. Mti mmoja wa avoka umeng'oka na mizizi yake, wa pili umebaki shina na tawi moja. Mwembe umepasuka katikati. Mipapai yote mitano imekatika kiunoni. Matunda yako chini, mabichi yote, magumu kama mawe. Ile miti ya avoka Jean-Marie aliileta mwenyewe toka Moba, miche imefungwa ndani ya shati lake.

Usimwambie Falone. Akikuuliza, sema umepita uani kwangu, basi. Kila mwaka masomo yakifungwa humleta mjukuu wangu Princesse kula matunda. Wakijua hakuna tunda, watapata sababu ya kubaki kwao, na mimi sina kitu kingine cha kuwaitia.

Nimekufungia mapapai mabichi mawili. Mke wako atajua la kufanya.

Mama Dorothée


Kalemie, 3 Novemba 2024

Mukwe wangu Falone,

Salamu kwako na kwa Princesse. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linajifanya mkubwa wa nyumba. Usinipigie simu. Ilianguka ndani ya maji. Fundi aliniambia niifukie kwenye mchele, nikaifukia, na sasa nina mchele unaonuka simu. Tuandikiane tu. Mama Éliézer anayo yake, lakini yule husikiliza hata ukimpa mgongo.

Bustani iko vizuri sana. Avoka zimejaa mpaka matawi yanagusa chini. Mwambie Princesse lile tawi lake la upande wa jikoni hakuna mtu atakayeligusa. Nawangoja masomo yakifungwa, kama kawaida.

Kuhusu nguo yako ya kilio, najua mwaka jana nilisema mwaka huu. Najua pia kwamba katika nyumba ya mume wako nimebaki mimi peke yangu, na ni mkono wangu tu unaoweza kukuvua nguo hiyo na kukuosha kichwa. Lakini goti hili, na mvua hizi! Tungoje mwakani, avoka zikiiva, tufanye mambo ya kueleweka. Kwani una haraka gani? Nguo nyeusi haichafuki upesi.

Mama mukwe wako,
Dorothée


Nyunzu, 12 Novemba 2024
(Barua hii Falone hakuituma.)

Mama,

Watoto wametoka darasani, nimebaki na chaki na barua yako. Unaniuliza nina haraka gani. Ninayo, Mama, na ninaona haya.

Kuna mtu anaitwa Prospère. Ni seremala, ndiye anayetengeneza madawati ya shule yetu. Mke wake alifariki akijifungua. Alianza kwa kunitengenezea kiti changu kilichokuwa kinayumba, kisha akawa anapita kuuliza kama kiti bado kimesimama. Kiti kimesimama, na yeye anaendelea kupita. Amekwenda kwa baba yangu, baba amemkubali, padri ametupa mwezi wa pili.

Lakini baba alinikalisha chini akaniambia, "Siwezi kukutoa mu kwangu na nguo ya kilio ya watu. Mama ya bwana yako akuvue kwanza. Njo vile desturi inasema." Hapa kwetu wanasema mjane akiolewa hajavuliwa, mtoto wake ndiye anayelipa. Mimi ni mwalimu, sijui kama naamini. Najua tu kwamba Princesse akikohoa mara mbili, moyo wangu unasimama.

Miaka mitatu umekuwa ukisema mwakani. Nitakuombaje univue nguo ya mwanao wa pekee ili nivae ya mtu mwingine? Nikikuomba nitakuua. Nisipokuomba


Nyunzu, 12 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Barua yako imefika salama. Tunamshukuru Mungu. Princesse amefurahi kusikia habari za tawi lake. Kuhusu nguo, ni sawa, Mama, kama ulivyosema. Tutakuja masomo yakifungwa, barabara ikiwa nzuri. Watu hapa wanasema mvua kubwa ilipiga Kalemie. Kwako haikuharibu kitu?

Mukwe wako,
Falone


Kalemie, 1 Desemba 2024

Mukwe wangu Falone,

Mvua ilipiga huko chini, upande wa Lubuye. Kwetu huku mlimani matone tu.

Nimekutumia chupa moja ya achali muonje. Maembe yalikuwa mengi mno, matawi yanalalamika, nikapunguza machache yakiwa bado mabichi. Mama Éliézer ndiye aliyenifundisha. Yeye ni Mubembe wa Baraka, huvuka kwenda Kigoma na mawese yake, na kule amejifunza kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alinikuta nimekaa mbele ya beseni zilizojaa, akasema, "Dada, weye uko nalia juu ya maembe? Leta kisu." Tukakatakata na maganda yake, tukapaka chumvi, tukayaanika juu ya bati siku mbili, mimi nikifukuza kuku. Halafu kitunguu saumu, pilipili, mafuta ya moto. Nimezichemsha chupa za mayonezi zile zenye vifuniko vyekundu, unazijua. Chupa sita nyingine zimepangwa mezani, zinawangoja ninyi. Mtaondoka nazo.

Ndani ya gunia kuna avoka pia. Nimezivundika kwenye pumba za mpunga pamoja na ndizi mbivu, ziacheni humo humo wiki moja. Zile ni za matawi ya chini, huwa zinawahi.

Hapa ninakula papai bichi. Ukiliosha vizuri utomvu utoke, ukalipika na ndagala wadogo wa ziwani na nyanya, huwezi kujua kama ni tunda. Nimelila sana. Siku hizi nyumba imekuwa kubwa, hata sauti ya kijiko naisikia.

Mje mapema.

Mama mukwe wako,
Dorothée


Nyunzu, 11 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Achali imetufurahisha. Tumeila na ugali, na mihogo, na Princesse ameila kwa kidole. Asante.

Sasa usinikasirikie. Avoka tuliziacha wiki moja kama ulivyosema. Hazikulainika, zilinywea. Nilipokata moja nilitazama kokwa. Mimi ni mtoto wa mkulima, Mama. Avoka iliyokomaa, kokwa yake huvaa ngozi ya kahawia. Hizi zote zilikuwa na ngozi nyeupe. Avoka ya namna hiyo haichumwi na mtu yeyote, na wewe ndiye wa mwisho duniani ambaye angeichuma. Na maembe ya chupa saba hayawi "machache".

Nilimuuliza Papa Nicolas. Akaniambia, "Mama, mi niko nabeba mizigo. Maneno aiingiake hata moja mu lori yangu." Halafu akatazama viatu vyake muda mrefu. Mama, ni nini kimetokea uani kwako? Uko salama?

Princesse amekuandikia karatasi yake mwenyewe. Ameikunja na kuifunga kwa uzi, hataki niisome.

Mukwe wako,
Falone


(Karatasi ya Princesse kwa bibi yake, ambaye humwita Kambo, ndani ya barua ileile.)

Kambo wangu,

Habari ya goti? Mi niko muzima. Avoka zako zimekunjamana sawa masikio ya mbuzi. Papa Prospère alikata moja na kisu yake ya kazi akasema hii aitaiva hata siku moja, ilianguka mbele ya wakati. Papa Prospère anatengeneza kitanda kubwa ya mbao nyekundu, njo atatuletea mwezi wa pili. Mama anachekaka siku hizi. Hata mu kazi ya kufua.

Achali inawasha lakini nakula.

Ni mi Princesse


Kalemie, 14 Desemba 2024

Falone,

Umenifundisha habari za kokwa. Asante, mwalimu. Mimi nilikuwa nazijua avoka za Moba kabla mama yako hajakubeba mgongoni.

Sasa na mimi niulize. Papa Prospère ni nani? Kitanda kikubwa ni cha nani? Basi hiyo ndiyo "sawa, Mama, kama ulivyosema". Niliuliza una haraka gani, ukanijibu habari za barabara.

Princesse anasema unacheka. Nimeisoma mistari yake mpaka karatasi imelainika. Hapa kwangu hukuwahi kucheka ukifua.

Msijisumbue kuja.

Dorothée


Nyunzu, 18 Desemba 2024

Mama,

Barua yako imenifikia jana. Sitajitetea. Prospère ni seremala, ni mjane kama mimi, na amenichumbia. Nilikuandikia yote hayo mwezi uliopita kwenye barua nyingine, nikaogopa, nikaiweka chini ya godoro. Baba hawezi kunitoa mpaka wewe univue nguo. Naomba univue. Haya, nimeliandika, na mkono haujakatika.

Ukikataa nitakaa hivi hivi. Sitakwenda kwa padri kinyume chako, na sitamweka Princesse katikati ya maneno ya watu. Nimeshamwambia Prospère. Anapiga randa tu tangu jana, ubao umebaki mwembamba kama daftari.

Jean-Marie sijamsahau. Nakuapia. Lakini nimechoka kuwa mke wa mtu ambaye hanijibu.

Na wewe pia ulinificha, Mama. Naona miti imeanguka, hutaki tu kusema. Ulidhani tusingekuja? Wacha nikuambie kitu ambacho nimekificha miaka yote. Princesse hapendi avoka. Hazipendi kabisa. Anazila kwako kwa sababu unakaa mbele yake unamtazama, na yeye anapenda unavyomtazama.

Falone


Kalemie, 21 Desemba 2024

Falone,

Hapendi avoka! Mwaka baada ya mwaka nawafukuza ndege, napigana na watoto wa mtaa mzima, kumbe namlindia mtu kitu asichokipenda. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Éliézer akaja kuchungulia dirishani. Halafu nililia. Alichungulia hiyo pia.

Ndiyo, miti imeanguka. Mmoja umelala uani mpaka leo, nauruka kila ninapokwenda jikoni. Siku ile, mvua ilipokatika, niliokota tunda moja moja, na goti hili, nikajaza beseni nne, na hakukuwa na mtu wa kumwambia hata "ona". Papai la kwanza nilipika sufuria ya watu watatu, maana mkono wangu haujui kupika ya mmoja. Nikaila siku tatu.

Zile avoka nilizozificha kwenye pumba nilijua. Nilijua tangu nilipozishika. Tunda lililokatwa kabla ya kukomaa unaweza kulivundika mpaka uzeeke, halitaiva. Unaweza kulipika, unaweza kulitia chumvi, ukilikubali jinsi lilivyo linalika. Ukilazimisha liive, unapata masikio ya mbuzi. Nami nimekuvundika miaka mitatu, Falone. Nilikuacha ndani ya nguo ile nikingoja uwe kitu ambacho hutakuwa tena, mke wa mwanangu kwenye nyumba yangu. Nisamehe.

Njooni tarehe ishirini na nane, ni Jumamosi. Uje na kitenge kipya, chenye rangi, siyo nyeusi wala nyeupe. Huyo seremala abaki huko kwanza. Desturi unaijua. Aliyevuliwa hutoka kwenye nyumba ya marehemu bila kugeuka nyuma na bila kubeba kitu chochote. Tutaifuata yote, ili mtu asije akaweka mdomo wake juu yako baadaye. Naomba tu Princesse alale kwangu usiku mmoja kabla hujatoka.

Dorothée


Kalemie, 6 Januari 2025

Falone mwanangu,

Natumaini mlifika salama na kichwa hakikuuma kwa yale maji. Yalikuwa ya baridi. Niliyachota mwenyewe alfajiri, sikutaka mtu mwingine ayaguse. Nilipokuwa nakuosha, sikujua kama mikono yangu bado inaweza kuwa laini hivyo. Kitenge cha njano kinakupendeza. Nilitaka kukuambia siku ile, nikaishia kulinyoosha pindo lake.

Ulikwenda vizuri. Hukugeuka. Nilisimama mlangoni nikakutazama mgongo mpaka kwenye lori, na nilijua unalia kwa jinsi mabega yalivyokuwa yamekaza. Princesse ndiye aliyegeuka. Yeye hakuna aliyemvua kitu. Alikimbia mpaka kwangu akaniuliza, "Kambo, na achali?" Nikamwambia, "Apana, mwanangu. Leo mama yako abebake hata kitu moja ya humu, na weye uko mukono mumoja naye." Akazitazama zile chupa sita mezani, akaondoka amenuna. Lori likashuka mlima.

Nikarudi ndani. Chupa sita, meza, na mimi. Nimezifuta vumbi kila siku. Kuzifungua siwezi, achali ya chupa sita mtu mmoja anaila mpaka lini? Kuzigawa siwezi, nilizipika zikiwa na jina. Jumapili nilikaa kanisani, sikusikia neno la mahubiri, nawaza chupa. Wiki nzima nimewaza hizo tu. Na leo asubuhi, nikiwa nauruka ule mti kwenda kuwasha moto, nimepata jibu, mpaka nimekaa juu ya shina.

Desturi inasema aliyevuliwa asibebe kitu cha nyumba hii. Nimeipitia yote kichwani, jinsi mama yangu alivyonifundisha na jinsi mama mukwe wangu alivyonifundisha. Haisemi neno lolote juu ya kuazimwa.

Kwa hiyo nimempa Papa Nicolas chupa zote sita. Achali ni ya Princesse, yeye ni wa nyumba hii na atabaki kuwa wa nyumba hii hata akiitwa jina gani. Lakini chupa ni zangu. Sijampa mtu, nimeziazimisha. Nazitaka zirudi, zimeoshwa, kila moja na kifuniko chake chekundu. Na Papa Nicolas nimemkataza kuzirudisha. Amekasirika, anasema miaka yote hajavunja hata yai la mtu. Nimemwambia hiyo haimhusu. Zirudi na mikono ya waliokula.

Kama huyo Prospère naye amechovya kidole, na najua atachovya, basi naye abebe ya kwake. Mwezi wa pili mkishatoka kwa padri, pumzikeni kidogo, halafu mje. Aje na msumeno na randa yake. Ule mti wa Jean-Marie bado umelala uani, sitaki ufanywe kuni. Wanasema mbao ya avoka ni laini, haifai kitu kikubwa, lakini kiti inaweza kutoa. Hapa mezani nina viti viwili, na nimehesabu, tutakuwa wanne.

Nitapika papai bichi na ndagala. Mpapai mmoja umechipuka pembeni ya ule mkato, lakini usimwambie mtoto, nisije nikaanza tena. Safari hii sina tunda lolote la kuwadanganyia. Njooni hivyo hivyo.

Dorothée,
mwenye chupa